Mwanafunzi akiandika "jiografia ya huzuni", nimkate alama?

Swali: Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule moja mkoani Iringa. Katika insha za muhula huu nimekutana na sentensi tatu za wanafunzi tofauti. Wa kwanza kaandika: "Jiografia ya huzuni ya bibi yangu inaanzia jikoni na kuishia dirishani." Wa pili: "Jiografia ya mapenzi ni ngumu kwa sababu siku hizi watu hawana uaminifu." Wa tatu: "Jiografia ya malaria imemfanya mjomba asihamie Kyela." Nilizipigia zote mstari mwekundu na kuondoa alama mbili kwa kila moja. Mwenzangu anayefundisha Jiografia anasema wawili nimewaonea na mmoja tu ndiye aliyestahili, ila akashindwa kunieleza kwa nini. Jiografia maana yake hasa ni nini? Na mtu akiitoa ardhini akaipeleka kwenye mambo ya moyo, nitajuaje kama amepatia?

Jibu: Kamwene, Mwalimu. Mwenzako hajakosea. Aliyestahili kalamu nyekundu ni yule wa mapenzi. Nianze na wa malaria, kwa sababu yeye hakutumia sitiari hata kidogo.

Malaria ina jiografia ya kweli, ya kupimwa kwa kipimajoto. Kimelea kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi, ukuaji wake unasinzia kiasi kwamba mbu anaweza kufa kabla kimelea hakijawa tayari kumwambukiza mtu. Sasa angalia mwinuko. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa pale Kyela uko takriban mita 475. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya Iringa na Kyela kuna tofauti ya nyuzi 7 na kitu kwa sababu ya mwinuko peke yake. Ndiyo maana mkoa wa Njombe, ulio juu zaidi na wenye baridi zaidi, uko miongoni mwa mikoa yenye malaria ndogo kabisa nchini, wakati mtu wa ziwani halali bila chandarua. Anayesema "jiografia ya malaria" anasema jambo la darasani. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mtaa mmoja wa London na kuvikuta vimerundikana karibu na pampu moja ya maji. Alichokuwa akifanya ni jiografia ya ugonjwa, na hakuna aliyehitaji kamusi ya tamathali za semi ili amwelewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa tatu mrudishie alama zake, ingawa neno "imemfanya" lina kasoro nitakayoirudia baadaye.

Maana ya neno lenyewe ni rahisi. Limetoka kwa Wagiriki: sehemu ya kwanza ni dunia au ardhi, ya pili ni kuandika au kuchora. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulitumia kama jina la fani. Huyo ndiye aliyelinganisha kivuli cha adhuhuri cha Alexandria na cha Syene, ambayo leo ni Aswan, akapata tofauti ya sehemu 1 ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji hiyo aliuhesabu kuwa stadia 5,000, akazidisha mara 50, na mzingo wa dunia ukawa stadia 250,000. Kwa vijiti na vivuli tu! Miaka karibu 400 baadaye Ptolemaio, naye wa Alexandria, aliandika orodha ndefu ya mahali na vipimo vyake, na ndani yake imo Rhapta, bandari ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki.

Lakini ukiishia kwenye "kuchora dunia", hutaweza kumhukumu mwanafunzi yeyote, maana hata orodha ya milima na urefu wake ni namna ya kuichora dunia, na haijawa jiografia bado. Kinachoigeuza orodha kuwa jiografia ni maswali matatu. Kitu kiko wapi? Kwa nini kiko hapo na hakiko pale? Kikisogea au kikibadilika, ni nini kingine kinabadilika mahali pengine? La tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Chukua mto Ruaha Mkuu. Maji yake yanashuka kutoka safu za Kipengere na Uporoto, yanaingia bonde la Usangu, yanatulia katika kinamasi cha Ihefu, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanafika Mtera kisha Kidatu, ambako yanazungusha mitambo ya umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Huwezi kueleza kiboko aliyekwama kwenye tope la hifadhi bila kumtaja mkulima anayefungulia maji ya mpunga Mbarali, wala taa iliyofifia mjini bila kumtaja kiboko. Mahali panne, mto mmoja, na kila mahali panategemea pa juu yake. Uhusiano huo ndio jiografia. Mto ukiutazama peke yake ni maji tu.

Na jiografia inaweza kubadilika wakati ardhi haijasogea hata unyayo. Mwaka 2012 mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa, na mwaka 2016 Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Mlima haukuhama wala mto haukugeuza njia. Lakini mtu wa Tunduma aliyekuwa na shauri la ngazi ya mkoa akaacha kusafiri hadi Mbeya mjini, akawa anaishia Vwawa, makao makuu ya Songwe. Umbali wake na serikali ulipungua kwa saini. Mwambie mwanafunzi anayedhani jiografia ni mawe na mvua ashike mfano huo.

Shule zetu zenyewe zinakiri kwamba somo hili lina sura mbili. Angalia tahasusi za kidato cha tano: Jiografia iko HGK na HGL pamoja na Historia na lugha, halafu iko CBG na Kemia na Baiolojia, iko PGM na Fizikia na Hisabati, iko EGM na Uchumi. Ni somo gani jingine linalokaa kwenye viti vingi namna hiyo? Linapima mwamba kwa nyundo na linamuuliza mtu kwa nini kahama. Kwa hiyo likivuka kidogo tu kutoka kwa mtu kwenda kwa huzuni ya mtu, halijatoka mbali sana na kwao.

Ila wewe ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo nikupe hoja ya nyumbani kwako. Kiswahili kilikuwa kikifikiri kwa mahali kabla neno "jiografia" halijafika. Ngeli ya mahali tunayo, tena ya viambishi vitatu: pa, ku na mu. "Jikoni pana huzuni" ni mahali mahususi, karibu unaweza kupaonyesha kwa kidole. "Jikoni kuna huzuni" ni mahali pa jumla, huko huko. "Jikoni mna huzuni" ni ndani, imefungiwa. Hizo tatu hazibadilishani bila maana kuhama, na mwanafunzi anayezijua ana kipimo tayari mkononi. Sentensi ya bibi ingeweza kuandikwa hivi: jikoni mwake mna huzuni, dirishani pana huzuni, na huko anakotazama kuna huzuni. Hapo tayari una ndani, una ukingo, na una upeo.

Halafu angalia maneno ya kila siku ambayo yalianza kama mahali na sasa hakuna anayekumbuka. "Mpaka" ni alama ya mwisho wa shamba, lakini tunasema "nisubiri mpaka kesho", na shamba halipo. "Chimbuko" ni pale kitu kinapochimbuka toka ardhini, kisha ukaja kuandika "chimbuko la lugha ya Kiswahili". "Kilele" ni ncha ya mlima, na kila tarehe 8 Agosti utasikia kwamba maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya "yamefikia kilele", ingawa viwanja vyenyewe ni tambarare. "Mkondo", "njia panda", "upeo", "ukingo", "nyanja za elimu": zote ni ardhi na maji zilizohamia kichwani. "Kaskazini" na "kusini" zenyewe ni pepo, yaani upande anakotokea kaskazi na upande anakotokea kusi. Mabaharia wa pwani waliuita upande kwa jina la upepo wake, na leo mtu wa Makete ambaye hajawahi kuona jahazi anauelekeza mgongo wake kusini bila kujua kwamba anataja tanga.

Safari hiyo ina njia mbili. Maneno ya ardhi yamehamia kwa mtu, na ya mwili wa mtu yamehamia ardhini: mdomo wa mto, ubavu wa mlima, shingo ya nchi. Hata "rasi" kwa Kiarabu ni kichwa. Kwa hiyo anayesema sitiari za jiografia ni ugeni ulioletwa na Kizungu hajaisikiliza lugha anayoisema.

Hata hivyo neno likipendwa sana huchakaa, na hapa onyo linatoka kwa ndugu yake wa karibu. "Mazingira" ni vitu vinavyokuzunguka: miti, maji, hewa, majirani. Sasa sikiliza taarifa: "alifariki katika mazingira ya kutatanisha", "mazingira ya rushwa", "tengeneza mazingira ya kuaminiana". Mgeni akifika nyumbani anaomba aonyeshwe mazingira, na kila mtu anajua anatafuta choo. Neno limekuwa gunia, kila kitu kinaingia. "Jiografia" inaelekea huko huko ikiachwa, na sentensi ya mapenzi ni dalili yake.

Ipime. Ondoa "jiografia ya mapenzi" uweke "hali ya mapenzi" au "suala la mapenzi". "Suala la mapenzi ni gumu kwa sababu siku hizi watu hawana uaminifu." Hakuna kilichopungua, na pengine imekuwa safi zaidi. Sasa fanya hivyo kwa bibi: "Hali ya huzuni ya bibi yangu inaanzia jikoni na kuishia dirishani." Imevunjika. Hali haianzii jikoni. Kinachoweza kuanzia mahali na kuishia mahali ni kitu chenye eneo, na mwanafunzi alihitaji neno linalobeba eneo. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote, ya sekunde kumi: badilisha neno kwa "hali" au "suala". Sentensi ikibaki nzima, jiografia ilikuwa ushanga. Ikivunjika, ilikuwa inafanya kazi.

Ukiona njia hiyo haitoshi, rudi kwenye maswali matatu. Huzuni ya bibi iko wapi? Jikoni hadi dirishani. Kwa nini hapo? Msomaji anaanza kukisia: jikoni ndiko alikompikia mtu ambaye hayupo, dirisha linatazama njia aliyoondokea. Ikisogea, nini kitabadilika? Siku bibi akikaa sebuleni na wageni, familia itajua kuna jambo. Mapenzi ya mwanafunzi wa pili yako wapi? Hakuna. Hayana pa kukaa, kwa hiyo maswali mengine mawili hayana pa kuanzia.

Wanasayansi nao hutumia sitiari hii, na wanaofaulu ni wale wanaokubali masharti yake. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, mwanafunzi kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichora ramani ya kwanza ya jeni kwa kutumia inzi wadogo wa matunda. Hakuwa ameziona jeni. Alijua tu kwamba tabia fulani za inzi hurithiwa pamoja mara nyingi na nyingine hutengana mara nyingi. Akasema zinazotengana kwa nadra ziko jirani, zinazotengana mara nyingi ziko mbali, na asilimia ya kutengana akaifanya kuwa umbali. Kisha akazipanga kwenye mstari mmoja. Ona alichofanya: hakusema tu "jeni zina ramani" akaenda zake. Alikubali mahali, mpangilio na kipimo, na umbali wa A hadi B ukijumlishwa na wa B hadi C ukakaribiana na wa A hadi C, kama barabara ya Mafinga–Makambako–Njombe. Sitiari ikawa chombo cha kazi hadi leo.

Madaktari wana "ulimi wa ramani". Ni hali ambapo sehemu za ulimi hupoteza vinundu vyake vidogo, zikabaki mabaka mekundu yenye kingo nyeupe, na mabaka hayo huhama: wiki hii yako kushoto, wiki ijayo yako nchani. Haiambukizi, haina madhara makubwa, na inakadiriwa kuwapata watu 1 hadi 3 kati ya 100. Jina limefaa kwa sababu kuna mipaka inayoonekana na kuna maeneo. Lingekuwa "jiografia ya ulimi" lingedai zaidi, yaani sababu ya baka kuwa hapo na si pale, na hilo tiba haina jibu lake la uhakika. Kwa hiyo "ramani" na "jiografia" visichanganywe. Ramani inaonyesha mahali. Jiografia inadai sababu na uhusiano. Mwanafunzi mwenye mahali tu bila sababu aandike "ramani ya", atakuwa salama. Mtaani wameshalijua hilo: mtu akisema "sina ramani" ana maana haoni pa kupita, na hakuna anayesema "sina jiografia".

Kuna matumizi mengine yanayofanana na sitiari na siyo. Nenda sokoni Mwanjelwa au Iringa uulize mchele, utaambiwa "huu ni Kyela". Wakati mwingine ni wa Kyela kweli. Wakati mwingine Kyela pale maana yake ni harufu, na mchele umetoka kwingine kabisa. Jina la mahali limekuwa jina la sifa. Hiyo ni taashira ya jirani kumwakilisha jirani: mahali pamesimama badala ya kitu kilichotoka hapo, kwa sababu viligusana kweli. Sitiari haihitaji kugusana. Kadhalika mtu wa Dar es Salaam akisema "mikoani" anamaanisha nchi yote isipokuwa alipo yeye, na akisema "Kusini" anamaanisha Lindi na Mtwara, wakati sisi tuko kusini pia ila tumeongezewa "Nyanda za Juu" ili tusichanganywe. Majina haya yanaeleza aliposimama msemaji kuliko yanavyoeleza dunia. Wafundishe wanafunzi kuyachezea, yana utamu, lakini wayaite kwa jina lake.

Katika magazeti utakutana na jozi inayowasumbua hata wahariri. "Jiografia ya siasa" ni swali la mahali ndani ya siasa: kura za nani ziko wapi, ngome ya chama iko kata gani, kwa nini. "Siasa za kijiografia" ni mataifa kuvutana kwa sababu ya mahali yalipo: bandari, milango ya bahari, mipaka. Hiyo ya pili ilipewa jina na msomi wa Sweden, Rudolf Kjellén, mwaka 1899. Mwanafunzi akigeuza mpangilio wa maneno, ameandika makala nyingine.

Sasa makosa yanayojirudia mtu anapojaribu kuandika hivi.

La kwanza ni kuchanganya umbo. "Tumefika kilele cha bonde la umaskini." Bonde halina kilele. Mwanafunzi alitaka kusema "kina". Sitiari ya ardhi inafuata sheria za ardhi: mto hautiririki kupanda, na mtu hazami mlimani. Kosa hili linaonekana dogo lakini linamwonyesha msomaji kwamba mwandishi hakuiona picha aliyoiandika.

La pili ni kudhani juu ni kuzuri na chini ni kubaya kila mara. "Ameshuka" maana yake ameharibikiwa, "amepanda" amefanikiwa. Kwa watu wa huku hilo si la kumeza kavu. Toka Uyole upande Isyonje kwenye viazi, pareto na baridi, kisha ushuke Tukuyu kwenye chai na migomba, ushuke tena hadi Kyela. Huko chini kabisa ndiko kwenye kakao na mpunga, na mwenye shamba la kakao Kyela hajioni ameanguka. Mwandishi mzuri anaweza kuigeuza: mhusika anayeshuka ndiye anayestawi. Msomaji wa Rungwe ataielewa kabla ya msomaji mwingine yeyote.

La tatu ndilo zito, na hapa narudi kwa mjomba. "Jiografia ya malaria imemfanya mjomba asihamie." Imemfanya? Mjomba hana akili yake? Mwishoni mwa karne ya 19 wako wasomi, wengi wakifuata mawazo ya Mjerumani Friedrich Ratzel, waliosisitiza kwamba mazingira ndiyo yanayowaamulia watu maisha yao. Mfaransa Paul Vidal de la Blache akawajibu kwamba ardhi inatoa nafasi mbalimbali na watu ndio wanaochagua. Sijui kama kuna mfano mzuri wa kumtetea Mfaransa kuliko Makambako. Milima kati ya Mlimba na Makambako ilikuwapo siku zote, na ndiyo iliyowatoa jasho wajenzi wa reli ya TAZARA kuliko sehemu nyingine ya njia, wakichimba mahandaki na kupachika madaraja. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilipokutana na barabara kuu ya Zambia na njia ya kwenda Songea, Makambako pakawa mji wa njia panda. Mlima uleule, uamuzi tofauti, jiografia tofauti. Mwambie mwanafunzi aandike "mjomba amepima jiografia ya malaria akaamua kubaki". Maneno machache tu yamebadilika, na mjomba amerudishiwa ubinadamu wake.

Kosa hili lina mtoto wake mbaya: "watu wa baridi ni wachapakazi, watu wa joto ni wavivu", au kabila fulani ni gumu kama milima yake. Hapo usikate alama mbili, kata zote, na uandike pembeni kwamba anayevuna mpunga Usangu juani atafurahi kumpokea mwandishi kwa siku moja tu.

Ukitaka kulifundisha hili darasani, vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Kila mwanafunzi awe na karatasi ya A4, penseli na rula. Achague mahali padogo anapopajua vizuri: jiko, kibanda, kituo cha basi, kona ya uwanja wa shule. Apachore kwa kutazama toka juu, sentimita 2 kwa kila hatua 1, na aweke mshale wa kaskazini. Usiruhusu mahali pakubwa kama "kijiji chetu". Wakichukua kijiji wataandika historia ya kijiji, na hisia itapotea.

Kisha ajaze hisia moja tu, kwa mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo sawa. Wanaosoma Jiografia wameiona kwenye ramani za 1:50,000, ambako sentimita 2 ni kilomita 1: mistari ikisongamana ardhi ni mteremko mkali, kama pale Kitonga, ikiachana ni tambarare, kama juu Kitulo. Huzuni inapokuwa nzito kupita kote aandike 5, isipokuwepo aandike 0, na mistari ipite kati ya namba hizo. Wanafunzi wengi watachora miduara mizuri kama vitunguu vilivyokatwa, kila upande sawa. Hiyo ina maana hawajafikiri. Waulize: ukitoka kwenye kigoda cha bibi kwenda mlangoni ni hatua ngapi, na huzuni inapungua yote katika hatua hizo? Na kwenda dirishani? Mara miduara inavutika, mistari inasongamana mlangoni, na upande wa dirisha inanyooka mpaka ukingo wa karatasi. Hapo mwanafunzi amegundua jambo kuhusu bibi ambalo hakulijua alipokaa chini.

Kipindi cha pili aandike aya moja ya maneno 120 hivi bila kutumia neno "jiografia" wala "ramani". Sharti hili linawauma, lakini ndilo dawa. Atumie pana, kuna na mna, atumie vielekezi hapa, pale, humo, kule, atumie hatua na pande. Akimaliza, na akiona neno "jiografia" bado linahitajika, aliweke mara moja. Karibu wote watagundua halihitajiki. Wachache watakaolirudisha watakuwa na sababu.

Kuhusu alama zako, kwa maoni yangu: wa malaria rudisha zote mbili, na neno "imemfanya" lizungushie duara bila adhabu. Wa mapenzi aachwe na adhabu yake, na aruhusiwe kurekebisha kwa alama moja akileta mapenzi yenye mahali: kituo cha basi cha Ipogolo, benchi la nyuma la darasa, popote. Wa bibi mrudishie mbili, na usimwongezee ya tatu bado. Dirisha lake hajasema linatazama upande gani.